BETRI ZA MTUMBA ZA PIKIPIKI NA MAGARI YA UMEME: UZIUZEJE BILA KUMUUMIZA MTEJA WALA MTAJI WAKO



Siku hizi inboksi yangu inajaa swali moja, kila mtu analiuliza kwa namna yake: "Dada, nimepata mzigo wa betri za lithiamu za mtumba, zimetoka kwenye pikipiki za umeme, bei ya kutupa. Nichukue?"

Jibu langu ni fupi: chukua kama unaweza kuzipima. Kama huwezi kuzipima na huna fundi wa kukupimia, acha hela yako mfukoni.

Mimi nauzia mtandaoni nikiwa hapa Bukoba: taa za sola, betri, chaja na nyaya. Wateja wangu wengi wako Muleba, kuanzia Kamachumu na Nshamba mpaka visiwani, Bumbire, Goziba na Ikuza, kwa wavuvi wa dagaa. Kwa hiyo nitakachoandika hapa nakitumia kwenye kazi yangu mwenyewe. Post ni ndefu. Ihifadhi, uisome ukiwa umetulia.

KWANZA ELEWA: BETRI "IMECHOKA" MAANA YAKE NINI

Betri ya pikipiki au gari la umeme inastaafu kabla haijafa. Kawaida, ikibakiwa na uwezo wa asilimia 70 mpaka 80 ya ule wa mwanzo, mwenye chombo anaona safari zinakuwa fupi na kupanda mlima kunakuwa shida, anaitoa. Kwa bodaboda anayebeba abiria kutwa nzima, betri hiyo haimfai tena.

Lakini taa haipandi mlima. Taa inataka umeme kidogo kidogo kwa saa nyingi. Betri iliyomshinda bodaboda inaweza kuwasha taa, kuchaji simu na kuendesha redio kwa miaka kadhaa mbele, mradi ipimwe na itunzwe. Hayo ndo maisha ya pili ya betri.

Watu wa sera wanaita uchumi mzunguko. Sisi wa Kagera hatuhitaji semina kulielewa. Angalia kibanja chochote cha Wahaya: maganda ya ndizi yanakwenda kwa ng'ombe, samadi inarudi kwenye migomba, migomba inatoa matoke, maganda yanarudi tena kwa ng'ombe. Hakuna kinachotupwa mpaka kimalize kazi zake zote. Betri nayo iende hivyo hivyo: kazi ya kwanza barabarani, kazi ya pili nyumbani au ziwani, na mwisho kabisa madini yake yatolewe yatengeneze betri nyingine.

Na hayo madini hayako mbali na sisi. Nikeli, ambayo inaingia kwenye aina nyingi za betri za magari, iko Kabanga, wilaya ya Ngara, hapa hapa mkoani Kagera. Kobalti, sehemu kubwa ya ile inayotumika duniani inachimbwa Kongo, upande wa Kolwezi. Betri moja ikitupwa shimoni ni jasho la wachimbaji wa kwetu limefukiwa ardhini.

KWA NINI MZIGO UNAONGEZEKA SASA HIVI

Angalia majirani zetu. Kigali, kampuni ya Ampersand ilianza biashara ya pikipiki za umeme mwaka 2019: dereva akiishiwa chaji anafika kituoni, anaacha betri tupu, anachukua iliyojaa. Tangu Januari 2025 pikipiki mpya inayosajiliwa kubeba abiria Kigali inatakiwa iwe ya umeme. Nairobi kuna mabasi ya BasiGo na pikipiki za Roam. Kampala, Zembo wako barabarani. Dar es Salaam bajaji na pikipiki za umeme mnaziona wenyewe.

Kila betri inayoingia barabarani leo itastaafu kesho. Bukoba tuko karibu na mipaka miwili, Mutukula kwenda Uganda na Rusumo kwenda Rwanda. Huu mzigo utatufikia tu. Swali ni utafika mikononi mwa mtu anayejua anachouza, au kwa mtu anayepiga picha, anaandika "original, ina nguvu balaa" na kuzima simu.

Wenzetu wa nje walishaanza kuugeuza kuwa biashara rasmi. Japani, Nissan na Sumitomo walianzisha kampuni ya 4R Energy mwaka 2010, na mwaka 2018 wakafungua kiwanda mji wa Namie, mkoa wa Fukushima, cha kupima na kupanga upya betri zilizotoka kwenye magari ya Leaf. Mwaka huo huo wa 2018, uwanja wa mpira wa Johan Cruijff Arena kule Amsterdam ulifungiwa hifadhi ya umeme iliyotengenezwa kwa betri za Leaf, mpya na zilizotumika zikiwa pamoja. Walichofanya kabla ya kuziunganisha ni kupima. Siri yote ya biashara hii iko kwenye neno hilo.

VOLTI HAZIKUAMBII UWEZO

Hapa ndo wengi wanapigwa. Muuzaji anakuwekea mita, inasoma volti 13 na kitu, anakwambia "unaona, imejaa". Kweli imejaa. Imejaa kiasi gani?

Chukua dumu la lita 20, weka mawe ndani mpaka katikati, halafu jaza maji. Ukichungulia mdomoni limejaa pomoni. Ukimimina unapata lita kumi na kidogo. Betri iliyochakaa iko hivyo. Volti zinakuonyesha maji yamefika mdomoni, hazikuonyeshi mawe.

Kinachotakiwa ni wati-saa, yaani umeme halisi unaoweza kutoka. Kupima sio jambo la chuo kikuu:

1. Chaji betri mpaka ijae kwa chaja yake sahihi.
2. Iache itulie saa kadhaa.
3. Funga mita ndogo ya wati kati ya betri na taa. Hizi mita zinapatikana kwa mafundi wa sola, bei yake ni ndogo kuliko hasara ya betri moja.
4. Washa taa, andika saa uliyoanza.
5. Acha mpaka bodi ya ulinzi iliyo ndani ya betri ikate umeme yenyewe. Soma mita: imetoa wati-saa ngapi?

Kama mita huna, tumia taa ambayo unajua kwa uhakika inakula wati ngapi na uangalie saa. Taa za wati 40 zikiwaka saa 10, umepata wati-saa 400. Sio kamili kama mita, ila ni bora mara mia kuliko maneno ya muuzaji.

Baada ya hapo ichaji tena, iweke pembeni wiki moja bila kuitumia, upime volti. Ikiwa zimeshuka sana yenyewe, kuna seli mbovu ndani. Hiyo usiuze.

HESABU YA MVUVI WA DAGAA

Nakupa mfano mmoja wa kazi. Mteja wa kisiwani aliniandikia WhatsApp:

"Shikamoo dada yangu, nimeona betri kwenye status. Inawasha taa nne mpaka asubuhi?"

Alikuwa ananizidi umri, nikamjibu: "Shikamoo wewe mzee wangu, hapo umenionea. Taa zako ni wati ngapi kila moja, na mnawasha saa ngapi mpaka saa ngapi?"

"Marahaba mwanangu. Ni wati kumi kumi. Tunatoka saa moja usiku, tunazima saa kumi na moja alfajiri."

Hapo hesabu inajileta yenyewe. Taa nne za wati 10 ni wati 40. Saa moja usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri ni saa 10. Anahitaji wati-saa 400 kila usiku. Hata akiamua kila taa inayoelea iwe na betri yake ndogo, kila betri inatakiwa itoe wati-saa 100.

Sasa tuchukue betri ya volti 12.8 iliyoandikwa Ah 50. Ikiwa mpya, 12.8 mara 50 ni wati-saa 640. Tuseme umeipima ikatoa Ah 41: hiyo ni wati-saa 525 hivi, sawa na asilimia 82. Inamtosha mzee, na inabaki akiba ya usiku wa baridi na uchovu wa miezi inayokuja.

Tuseme nyingine, ganda ni lile lile, rangi ile ile, imetoa Ah 24. Ni wati-saa 307. Ukimuuzia hiyo, taa zake zinazima karibu saa nane na dakika arobaini usiku. Yuko katikati ya ziwa, dagaa walishaanza kukusanyika kwenye mwanga, nyavu hazijavutwa. Mafuta ya injini ameshachoma, vijana wa chomboni wanataka chao. Wewe umelala Rwamishenye na faida yako mfukoni.

Ndo maana nasema betri sio nguo. Gauni la mtumba likichanika mteja anacheka na kushona. Betri ikimzimia ziwani anapoteza kipato cha usiku mzima, na kule gizani taa ni usalama wake pia.

Betri ile ya Ah 24 haiendi jalalani kwa sababu hiyo. Kuna mama wa duka Nshamba anayetaka taa mbili za wati 5 kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa nne usiku. Hiyo ni wati-saa 40 tu. Betri hiyo hiyo iliyomshinda mvuvi inamhudumia mama bila kutoka jasho. Kazi yako wewe muuzaji ni kumpa kila betri mteja wake.

Na jambo la msimu: siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa wanapumzika, maana mwanga wa taa haushindani na mwezi. Usitangaze betri za taa wiki hiyo ukashangaa kimya. Wiki hiyo wanarekebisha nyavu na vyombo, ndo muda mzuri wa kupokea betri za kupimwa upya. Tangazo liende hewani giza linapokaribia. Mteja anayebadilisha taa mkumbushe amuulize afisa uvuvi taa zinazoruhusiwa, asije kununua kitu akakamatwa nacho.

JUA KEMIA YAKE, LA SIVYO UTACHOMA NYUMBA YA MTU

Betri za lithiamu haziko sawa. Mbili utakazokutana nazo sana ni hizi:

Ya kwanza ni lithiamu chuma fosfeti. Seli moja ina volti 3.2, na ikijaa kwenye chaja inafika 3.65. Seli nne kwa mfululizo zinatoa volti 12.8, chaja yake inaishia 14.6. Hii ni tulivu, inavumilia joto vizuri zaidi, na ndo ninayoipendekeza kwa majumbani.

Ya pili ni zile zenye nikeli na kobalti. Seli moja ina volti 3.6 au 3.7, inajaa kwenye 4.2. Seli tatu kwa mfululizo zinajaa kwenye 12.6, basi. Zinabeba umeme mwingi kwa uzito mdogo, ila zikikorofishwa zinawaka kwa hasira.

Sasa fikiria mteja ana chaja ya zamani ya betri ya maji, inayosukuma volti 14.4. Akiifunga kwenye betri ya seli tatu za aina ya pili, kila seli inasukumiwa 4.8 badala ya 4.2. Bodi ya ulinzi ikiwa nzima itakata. Ikiwa mbovu, au fundi ameiruka ili "nguvu iongezeke", unaongelea moto.

Kwa hiyo sheria zangu ni nne na sizivunji kwa sababu ya mteja yeyote:

- Siuzi betri isiyo na bodi ya ulinzi inayofanya kazi.
- Siuzi betri bila chaja yake. Vinauzwa pamoja au haviuzwi.
- Iliyovimba, iliyopasuka, iliyoingia maji au inayopata moto ikichajiwa, inatoka kwenye biashara siku hiyo hiyo.
- Sifungui pakiti ya gari mwenyewe, na wewe usifungue. Betri ya gari kama Leaf ina volti 300 na zaidi. Hizo zinaua papo hapo. Nunua moduli ambazo fundi mwenye ujuzi ameshazitenganisha.

MZIGO UKIWA NJIANI

Betri za visiwani zinasafiri na mitumbwi ambayo mara nyingi imebeba na madumu ya petroli. Usimkabidhi kijana wa chombo betri kwenye mfuko wa rambo. Ninavyofanya mimi: chaji naiacha chini ya nusu, ncha zote mbili nazifunga kwa utepe wa umeme, betri inaingia kwenye boksi la mbao au ndoo ya plastiki yenye mfuniko, nje naandika kwa herufi kubwa BETRI YA LITHIAMU, ISILOWE, ISIKAE KARIBU NA MAFUTA. Halafu namwambia mwenye chombo kwa mdomo. Usifiche ili ulipe nauli ndogo.

Kwa ndege ni marufuku kwa betri kubwa. Abiria anaruhusiwa kubeba pawabenki kwenye begi la mkononi, isizidi wati-saa 100; kati ya 100 na 160 mpaka shirika likubali; zaidi ya hapo hairuhusiwi. Pawabenki ya mAh 20,000 ni wati-saa 74, hiyo inapita. Betri ya taa ya wati-saa 525 haipiti, hata umbembeleze nani pale uwanjani.

PANGA BEI KWA WATI-SAA

Namba hizi ni za mfano, usizinakili kama bei ya soko. Tuseme betri mpya ya wati-saa 640 inauzwa shilingi 400,000. Gawanya: kila wati-saa ni shilingi 625. Ya mtumba iliyopimwa ikatoa 525, unaiuza 200,000. Gawanya: shilingi 381 kwa wati-saa. Sasa una lugha ya kumwambia mteja: "Mzee, umeme uliomo ndani unaupata kwa bei ndogo, lakini ujue umri wake umeshaenda."

Halafu kwenye kila betri tenga asilimia 10 ya mauzo kwa ajili ya dhamana. Kwenye huo mfano ni 20,000. Usiile. Betri ikirudi ndani ya muda wa dhamana, unarekebisha au unabadilisha bila kugusa mtaji. Miezi ikipita bila kurudi, hiyo ndo faida yako halisi.

Ukiona bei ya jumla iko chini mno, jiulize kwa nini. Anayeuza kilo kwa kilo bila kupima anakuuzia taka, na gharama ya kuzitupa itakuwa yako.

MPE MTEJA KADI

Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni mwaka 2023: kuanzia Februari 2027 betri za magari ya umeme zinazoingizwa sokoni kwao ziwe na pasipoti ya kidijitali inayoeleza zimetengenezwa na nini na hali yake ikoje. Sisi hatuhitaji kusubiri. Kipande cha karatasi ngumu kinatosha. Andika:

- Namba ya betri, hata ukiipa wewe mwenyewe.
- Aina ya kemia na volti.
- Ilitoka kwenye chombo gani, kama unajua.
- Tarehe uliyopima na wati-saa ilizotoa.
- Chaja inayotumika, iishie volti ngapi.
- Dhamana ni miezi mingapi, inahusu nini na haihusu nini.
- Jina la biashara yako na simu.

Piga picha kadi pamoja na mita ikiwa inasoma, weka kwenye tangazo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka muuzaji wa mtandaoni ajitambulishe na aieleze bidhaa yake sawasawa, kwa hiyo unajikinga pia. Na kibiashara kadi hii inauza kuliko maneno. Mteja wa Ikuza hawezi kuvuka maji kuja kuishika betri. Anachoshika ni ukweli wako.

Neno "imetumika" liandike mwanzoni kabisa mwa tangazo. Usilifiche mwishoni.

IKIFA KABISA, IRUDI KWAKO

Hapa ndo wafanyabiashara wengi tunanyamaza. Betri ya maisha ya pili nayo ina mwisho. Kama hujapanga itakwenda wapi, itaishia shimoni kwenye kibanja cha mtu au ufukweni mwa ziwa tunalokunywa.

Betri ya maji, ile ya risasi, wanunuzi wa vyuma chakavu wanaigombania. Lakini ikumbuke Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri chakavu kilifanya kazi ubavuni mwa makazi ya watu, risasi ikaingia hewani, kwenye maji na kwenye damu ya watoto. Mama mmoja aliyekuwa ameajiriwa pale, Phyllis Omido, alipogundua mwanawe amedhurika alianza kupigania mtaa ule; mwaka 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu ikairudisha fidia hiyo mwaka 2024. Kurejeleza betri ni jambo jema, ila likifanywa kiholela linaua mtaa.

Ya lithiamu hairejelezwi kwa nyundo na moto wa mkaa. Mitambo inaimaliza chaji kwanza, inaisaga, inapatikana unga mweusi wenye lithiamu, nikeli, kobalti na grafiti, halafu madini yanatenganishwa kwa kemikali au kwa tanuru. Mitambo mikubwa ya hatua hiyo ya mwisho iko China, Korea Kusini na Ulaya. Karibu yetu, Rwanda kuna kituo cha Enviroserve pale Bugesera kinachopokea taka za vifaa vya umeme, na Nairobi kuna WEEE Centre.

Usije ukapakia betri mbovu kwenye gari ukavuka nazo mpaka lakini. Betri mbovu ni taka hatarishi. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Basel, na tangu mwaka 2021 tuna kanuni za taka za vifaa vya umeme na elektroniki na za taka hatarishi. Kukusanya kwa biashara, kusafirisha na kuvusha kunahitaji kibali. Ongea na NEMC kwanza wakuelekeze mkusanyaji mwenye kibali. Na kabla hujaingiza mzigo wa mtumba kutoka nje, waulize wao, TBS na forodha. Simu moja inaokoa mtaji.

Wewe mfanyabiashara mdogo unachoweza kufanya leo ni kupokea. Mwambie mteja siku ya kununua: "Ikifa niletee, nakupunguzia kwenye inayofuata." Punguzo lenyewe toa kwenye ile asilimia 10. Faida yake ni mbili: betri haitupwi ziwani, na mteja anarudi kununua kwako badala ya kwa jirani.

Unazopokea zihifadhi hivi: funga ncha kwa utepe, zisigusane, weka kwenye chombo cha chuma chenye mchanga mkavu, nje ya nyumba, pakavu, mbali na mafuta na mbali na watoto. Zisichanganywe na za risasi. Ikianza kufuka moshi usiishike, toa watu, usivute ule moshi, piga Zimamoto 114. Betri ndogo inapoozwa kwa maji mengi. Pakiti kubwa kaa nayo mbali.

KWA KUMALIZIA

Kama unaanza, anza na betri tano. Pima zote, andika kadi zote, uza kwa watu unaoweza kuwafikia, wafuatilie miezi mitatu. Ukiona zilizorudi ni chache na hela ya dhamana imebaki, ongeza. Kama kati ya tano mbili zimerudi, badilisha anayekuletea mzigo kabla hujamwongezea oda.

Mita ya wati, utepe wa umeme, kadi na ndoo ya mchanga: hivyo vinne viwe dukani kwako kabla betri ya kwanza haijaingia.

Una swali la betri uliyonayo? Weka hapa chini picha ya lebo yake na volti inazosoma, nitakujibu mmoja mmoja. Na kama una mwenzako anayetaka kuchukua mzigo wiki hii, mtumie hii kabla hajalipa.